Sura ya Saba: Mji Usio na Kona za Mraba

Anayetaka kuona pembe mraba mjini Unguja aende Michenzani. Yale majumba marefu ya ghorofa, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamepangwa kufuata barabara mbili zinazokatana sawasawa, ukuta na ukuta, dirisha na dirisha. Halafu avuke Darajani aingie Mji Mkongwe. Hatua chache tu ndani, unyoofu wote umekwisha. Kichochoro kinaanza kwa upana wa punda na mzigo wake, kinabanwa, kinapinda bila kuaga, kinagawanyika mara mbili mbele ya msikiti. Nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, moja ikiegemea nyingine. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko ambazo hazikuzidi sana mita tatu, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, na kila nyumba ikachukua umbo la kipande kilichoachwa na jirani. Mwashi wa mji huu aliijua kona ya mraba. Mara nyingi hakupewa nafasi ya kuipiga.

Ndiyo maana sioni mahali pazuri zaidi pa kufundishia kanuni ya sini na kanuni ya kosini. Mwanafunzi wa Lumumba au Ben Bella anayekaa Malindi au Shangani hupita kila asubuhi katikati ya pembetatu za kila namna, isipokuwa ile moja ambayo darasani imetawala.

Kwa miaka mingi mpangilio wa Hisabati sekondari, Bara na Visiwani, umekuwa huu. Kidato cha pili mwanafunzi anakutana na sini, kosini na tanjenti (wenyewe darasani hutamka saini na kosaini, na hakuna aliyenyimwa alama kwa hilo) ndani ya pembetatu yenye pembe mraba tu, na anazikariri kama uwiano wa pande. Kidato cha nne, mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania ukiwa umekaribia, anaambiwa kwamba hata pembetatu isiyo na pembe mraba inatatulika, na anapewa kanuni mbili za kuitatulia. Mwalimu anaandika ubaoni:

a² = b² + c² − 2bc cos A

Mkono unanyooshwa. "Mwalimu, hiyo ya kutoa 2bc cos A imetoka wapi?"

Mwalimu ana vekta mbele yake, ana matriki, ana programu mstari, na muhula unakwisha. Anajibu kwamba uthibitisho umo kitabuni. Umo kweli. Lakini mwanafunzi hakuulizia uthibitisho. Alitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake angefikiria kutoa kitu hicho na si kingine. Uthibitisho wa kitabuni unamwonyesha kwamba kanuni ni ya kweli na kumwacha bila kujua inasema nini, na somo la Hisabati, ambalo kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa kidato cha nne, limejaa vitu vya kweli visivyosema chochote.

Ninachodai katika sura hii ni kimoja: kipimo kitangulie kanuni. Mwanafunzi apime kwanza pembetatu ambayo Pythagoras haiwezi, aone jibu linavyopotoka na kwa kiasi gani, ndipo kanuni ije kujibu swali ambalo tayari linamkera.

Vifaa ni vya bei ya chini. Chukua vipande viwili virefu vya kadibodi, kimoja cha sentimita 30 na kingine cha sentimita 20, uvibane mwisho mmoja kwa pini ili viweze kufunguka na kufunga. Kipimapembe kinakaa kwenye pini, rula inapima nafasi iliyo baina ya ncha mbili zilizo huru. Kabla ya kupima chochote waulize wanafunzi: nafasi hiyo ndogo kabisa ni ngapi, na kubwa kabisa ni ngapi? Wengi wataona wenyewe. Vipande vikilaliana, nafasi ni sentimita 10, yaani 30 kutoa 20. Vikifunguliwa mpaka vikanyooka mstari mmoja, ni sentimita 50, yaani 30 kujumlisha 20. Katikati pake, penye nyuzi 90, Pythagoras anatawala: 900 na 400 ni 1,300, kipeuo chake cha pili ni 36.1 hivi. Rula inakubali.

Sasa nenda kwenye nyuzi 60. Rula inasema 26.5, ikipungua au kuzidi milimita moja au mbili kulingana na mkono wa mpimaji. Nyuzi 120: inasema 43.6. Mwanafunzi aliyezoea Pythagoras atataka kujua miraba ya namba hizi, na hapo ndipo somo linapokaa lenyewe. Andika miraba kwa mpangilio wa pembe, kuanzia nyuzi 0, halafu 60, 90, 120, mpaka 180, ukisahihisha milimita zilizopotea: 100, 700, 1,300, 1,900, 2,500. Nyamaza kidogo. Darasa lenye watoto arobaini halikosi mmoja atakayesema kwamba zinaruka mia sita mia sita.

Zinaruka mia sita sita kwa sababu pembe zimechaguliwa kwa hila, na mwalimu asione haya kuwaambia hivyo baadaye. Kwa sasa aulize: kila mraba umeikosa 1,300 ya Pythagoras kwa kiasi gani? Nyuzi 0 umepungua 1,200. Nyuzi 60 umepungua 600. Nyuzi 90 haukupungua wala kuzidi. Nyuzi 120 umezidi 600, nyuzi 180 umezidi 1,200. Hiyo 1,200 ni nini? Ni mara mbili ya 30 mara 20. Na ule upungufu ni 1,200 mara ngapi? Mara 1, mara nusu, mara 0, mara hasi nusu, mara hasi 1. Sasa wafungue vitabu vyao vya majedwali, watafute kosini ya 0, ya 60 na ya 90, na wale waliokwisha kufundishwa pembe butu watafute kosini ya 120 na ya 180.

Nimeona vitabu vingi vya kufundishia mada hii, na sijui kwa nini havianzi hapa. Kanuni ya kosini ni Pythagoras aliyesahihishwa. Sehemu ya mwisho, hiyo ya kutoa 2bc cos A, ni bei ya kuihama pembe mraba: ukiibana pembe unapunguziwa, ukiipanua unaongezewa, kwa kuwa kosini ya pembe butu ni hasi na kutoa hasi ni kujumlisha. Na kwenye ncha zake mbili kanuni hiyohiyo inageuka kuwa kutoa na kujumlisha kwa kawaida, mambo ya darasa la kwanza. Mwanafunzi akishaliona hilo, uthibitisho wa kitabuni, ule wa kushusha kimo kutoka pembe moja hadi upande unaotazamana nayo na kutumia Pythagoras mara mbili, unachukua dakika kumi na hauumizi kichwa.

Baada ya kadibodi, tutoke nje. Jaws Corner ni makutano ya vichochoro ambayo kila mwenyeji anayajua kwa baraza zake, kahawa yake na siasa zake. Chukua vichochoro viwili vinavyoachana pale na kunyooka japo kwa hatua chache. Wanafunzi wawili wanaondoka na futikamba, mmoja mita 30 huku, mwingine mita 20 kule. Kati yao sasa kuna nyumba za watu. Hakuna wa kupitisha kamba ndani ya ukumbi wa mtu. Umbali baina yao hauwezi kupimwa, unaweza kuhesabiwa tu. Tuseme pembe baina ya vichochoro ni nyuzi 70. Kosini yake jedwalini ni 0.3420. Kwa hiyo 1,300 kutoa 1,200 mara 0.3420, yaani 1,300 kutoa 410.4, inabaki 889.6, na kipeuo chake cha pili ni mita 29.8.

Lakini daftari kadhaa zitakuja na mita 5.8. Kosa hilo ni la dunia nzima, na kila aliyesahihisha mitihani analijua: mwanafunzi ametoa 1,200 kutoka 1,300, akapata 100, akazidisha 100 kwa 0.3420. Kumwambia "kuzidisha kunatangulia kutoa" ni sahihi na hakusaidii sana, maana amekwisha kuambiwa hivyo tangu skuli ya msingi. Kinachosaidia ni mchoro wa skeli uliochorwa kabla ya hesabu, sentimita 1 kwa mita 2, rula na kipimapembe tu. Mtu aliyechora anajua kwamba jibu liko karibu na mita 30. Mita 5.8 itamtisha mwenyewe kabla haijamfikia mwalimu. Mimi ningekataza kabisa kugusa kanuni ya kosini mpaka mchoro uwe kwenye ukurasa, na ningempa alama mwenye mchoro mzuri na hesabu iliyokosewa. Najua wasahihishaji wa mtihani wa taifa hawana anasa hiyo.

Kanuni hii ni kongwe kuliko alama zake. Euclid aliiweka katika kitabu cha pili cha Misingi yake, matamko mawili, la 12 kwa pembe butu na la 13 kwa pembe kali, bila kosini yoyote, kwa maneno ya miraba na mistatili tupu. Aliyeiweka katika sura ya kuhesabika ni Jamshid al-Kashi, mwanahisabati aliyefanya kazi Samarkand chini ya Ulugh Beg na kumaliza kitabu chake cha Ufunguo wa Hesabu mwaka 1427, miaka miwili kabla ya kufariki. Ni huyohuyo aliyeipata sini ya nyuzi 1 kwa usahihi unaozipita mbali zile tarakimu nne za kitabu cha majedwali cha mtoto wetu. Wafaransa humpa heshima yake: katika vitabu vyao kanuni hii inaitwa kwa jina la al-Kashi. Hivyo mtoto wa Ngazija anayesomeshwa kwa Kifaransa huenda akalijua jina hilo, na binamu yake wa Unguja, anayesomeshwa Hisabati hiyohiyo kwa Kiingereza, asilisikie kabisa. Kanuni ya sini nayo, kwa pembetatu za bapa, ilielezwa waziwazi na kuthibitishwa na Nasir al-Din al-Tusi katika karne ya 13, ndani ya kitabu alichokitunga juu ya umbo la pande nne. Mwalimu akiwa na dakika mbili za kuyataja haya, azitaje. Wapo wanafunzi wanaoamini kwamba Hisabati ilishuka kutoka Uingereza pamoja na karatasi za mtihani.

Kuifikia sini, njia yangu ni ya shamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa ardhi kwa mafungu ya eka tatu tatu, na mpaka leo "eka tatu" ni jina la kitu Unguja na Pemba, si kipimo tu. Mafungu mengine yamekwisha kukatwakatwa na mirathi, na barabara, na nyumba mpya za matofali, na vipande vilivyobaki vina maumbo ya ajabu. Tuseme kipande kimoja ni pembetatu. Upande mmoja mita 170, wa pili mita 160, na pembe baina yao haijulikani kwa kuwa hakuna kipimapembe cha kukaa shambani. Hilo halimzuii mwenye futikamba. Kutoka kwenye kona apime mita 10 kufuata upande mmoja, mita 10 kufuata wa pili, achomeke vijiti, apime kutoka kijiti hadi kijiti. Akipata mita 10.45, basi kanuni ya kosini ikigeuzwa inampa kosini ya pembe: 200 kutoa mraba wa 10.45, kugawa kwa 200. Inatoka 0.454, na jedwali linasema nyuzi 63. Pembe imepimwa kwa kamba tupu.

Eneo sasa. Kimo cha pembetatu hiyo ni 160 mara sini ya 63, na nusu ya kitako mara kimo ni 13,600 mara 0.8910, sawa na mita za mraba 12,118. Eka tatu ni mita za mraba 12,140 hivi. Mwenye shamba hajapunjwa.

Halafu swali la mtego: je, tungeanzia kona nyingine, eneo lingebadilika? Darasa litacheka. Shamba ni lilelile. Basi nusu ya bc sin A, nusu ya ca sin B na nusu ya ab sin C ni namba moja, na ukizigawa zote tatu kwa nusu ya abc, kisha ukazipindua, kanuni ya sini imekaa ubaoni:

a / sin A = b / sin B = c / sin C

Hakuna kilichokaririwa. Kwa darasa lenye pumzi ya kuendelea, ongeza kwamba thamani hiyo ya pamoja ni kipenyo cha duara linalopita kwenye kona zote tatu. Kwa darasa lililochoka, acha.

Lipo jambo moja ambalo lisiachwe, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi: lini itumike ipi. Vitabu hutoa orodha ya hali nne au tano, na mwanafunzi hukariri orodha akasahau pembetatu. Kwa Kiswahili jambo hili linasemeka kwa ufupi zaidi. Kila upande unatazamana na pembe moja. Kama swali limekupa upande na pembe vinavyotazamana, vyote viwili, shika sini. Kama hakuna jozi hata moja iliyokamilika, hata baada ya kuijaza pembe ya tatu pale ulipopewa mbili, shika kosini, na ikishakupa jozi ya kwanza unaweza kuhamia sini. Nje ya hapo hakuna cha kukariri. Mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, ni kweli, lakini mtoto anayewaza kwa "kutazamana" atalitambua swali lolote kwa kulitupia macho.

Twende Forodhani. Mbele yetu iko Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa na jengo la gereza lililojengwa mwaka 1893 na kuja kutumiwa kama karantini. Kiko mbali gani? Hakuna kamba itakayofika. Mwanafunzi mmoja abaki Forodhani, wa pili aende kuelekea bandari ya Malindi, mita 600 tuseme, na kila mmoja apime pembe baina ya mwenzake na kisiwa. Wa kwanza anapata nyuzi 84, wa pili nyuzi 90. Pembe ya kule kisiwani, basi, ni nyuzi 6, na umbali kutoka Forodhani ni 600 mara sini ya 90 kugawa kwa sini ya 6: mita 5,740. Jibu linapendeza; watembeza wageni husema kilomita tano na nusu, sita.

Sasa mwambie yule wa kwanza kwamba alikosea kwa nyuzi moja tu, kwamba pembe yake ilikuwa 85. Pembe ya kisiwani inakuwa 5, na umbali unaruka hadi mita 6,884. Nyuzi moja ya mkono uliotetemeka imekisukuma kisiwa kizima zaidi ya kilomita moja kuelekea baharini. Ingekuwa 83, kisiwa kingesogea ndani kwa zaidi ya mita 800. Hesabu haikukosea mahali popote. Aliyekosea ni aliyechagua msingi mfupi kwa pembetatu ndefu.

Rudia kwa msingi wa kilomita 4, kutoka Forodhani mpaka ufuo wa Mtoni, pembe za 70 na 67 na ya kisiwani 43. Umbali unatoka mita 5,399. Kosea nyuzi ileile moja, 71 badala ya 70, unapata 5,503. Kosa la kilomita moja limekuwa kosa la mita mia. Hili halimo katika silabasi, na kwangu mimi lina thamani kuliko maswali ishirini ya kanuni ya sini yanayotoka shwari kwa sababu mtunzi alizipanga namba. Wapima bahari na nchi wanalijua toka zamani. William Wharton, nahodha wa Uingereza aliyepima pwani ya Afrika Mashariki kwa meli ya Shearwater katika miaka ya 1870 na baadaye kuandika kitabu kizima juu ya upimaji wa bahari, aliishi kwa pembetatu za aina hii. Na mradi ulioanza mwaka 2016 wa kuvipiga picha visiwa vya Zanzibar kwa droni, chini ya Kamisheni ya Ardhi na kwa mikono ya vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, umesimama juu ya wazo lilelile. Sehemu moja ionekane kutoka pande mbili zilizoachana vya kutosha, kompyuta itatue pembetatu. Pande zikikaribiana mno, kimo cha paa kinayumba kama kilivyoyumba kisiwa chetu.

Sini ina hila nyingine, na hii imo katika mtihani. Kusini ya mji iko Chumbe, yenye mnara wa taa uliosimama tangu 1904. Tuseme kutoka ncha ya Shangani mpaka mnara ni kilomita 12. Ngalawa inaonekana kutoka Shangani kwa pembe ya nyuzi 30 kando ya mstari wa mnara, na nahodha anapiga simu kusema yuko kilomita 8 kutoka mnarani. Yuko wapi? Jozi inayotazamana tunayo: 8 na nyuzi 30. Sini ya pembe ya pale ngalawani ni 12 mara 0.5 kugawa kwa 8, yaani 0.75, na jedwali linasema nyuzi 48.6. Hesabu ikimalizwa, ngalawa iko kilomita 15.7 kutoka Shangani. Darasa zima linafunga daftari.

Huenda ngalawa iko kilomita 5.1 tu.

Chukua bikari, chora duara la kilomita 8 kuuzunguka mnara. Mstari wa macho kutoka Shangani unaingia ndani ya duara na kutoka, unalikata mara mbili. Pembe butu ya nyuzi 131.4 ina sini ileile ya 0.75, na jedwali, ambalo linaishia nyuzi 90, haliwezi kumnong'oneza mtu hilo. Hata kikokotozi kinasema 48.6 na kunyamaza. Nahodha angesema kilomita 6, duara lingegusa mstari mara moja tu na pembe ya ngalawani ingekuwa mraba kamili. Angesema 5, mwambieni apime tena, kwa sababu hakuna mahali popote kwenye mstari ule palipo karibu hivyo na mnara. Kosini haina hila hii. Kila pembe kati ya 0 na 180 ina kosini yake peke yake, na hiyo ni sababu nzuri ya kuipendelea kosini pale zote mbili zinapowezekana.

Maswali ya ngalawa na meli huja kwa uelekeo wa dira, yaani pembe inayopimwa kutoka kaskazini kufuata mwendo wa saa, na hapo watoto wengi hupotea kabla hata ya kuchora. Wa Unguja wasipotee. Mji Mkongwe uko longitudo ya nyuzi 39.19 mashariki, Kaaba iko 39.83. Karibu mstari mmoja. Kibla ya Unguja kwa hiyo ni nyuzi 1.3 tu mashariki ya kaskazini kamili, na kipimapembe cha skuli hakiwezi kutofautisha hilo na sifuri. Mtoto aliyeswali tangu utotoni amebeba kaskazini mwilini mwake. Ukimwambia "uelekeo wa nyuzi 210", mwambie asimame kama anayeswali, ageuke kuliani mpaka kibla iwe mgongoni, kisha aongeze nyuzi 30. Hata msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, umeelekea kaskazini hiyohiyo. Wajenzi wa kale waliweza kukosea nyuzi kadhaa, kwa hiyo kila mihrabu ikaguliwe kwa dira ya simu kabla ya kuaminiwa katika swali la mtihani.

Bahati hii ya longitudo haiendi mbali na kisiwa. Kutafuta kibla ya mji wowote mwingine ni kutatua pembetatu iliyochorwa juu ya mpira: kona moja kwako, ya pili Makka, ya tatu kwenye ncha ya kaskazini. Pande zake zenyewe ni pembe, kanuni za sini na kosini zipo lakini kwa sura nyingine, na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alizitumia pembetatu za aina hii kuitafuta kibla ya Ghazna. Kwa mtu wa Unguja pembetatu hiyo imebanwa mpaka ikawa karibu mstari: nyuzi 6.16 za kusini ya ikweta jumlisha nyuzi 21.42 za kaskazini, zidisha kwa kilomita 111, unapata kilomita 3,060 na kitu mpaka Makka, bila kosini yoyote. Jamaa yake aliyehamia Maskati anaelekea karibu magharibi kamili. Wa London anaelekea nyuzi 119. Na wa Toronto, ambaye kwenye ramani ya ukutani anaiona Makka ikiwa chini yake kabisa, kusini-mashariki, hesabu ya mpira inampeleka kaskazini-mashariki, nyuzi 55 hivi. Darasa halitaamini. Leteni tufe na uzi, shikeni ncha moja Toronto na nyingine Makka, vuteni uzi mpaka ukaze, mtazame unatokea Toronto kwa upande gani.